Boksi la boba la sikukuu: punje chukua, unga wa chai achana nao

Msimu wa sikukuu ukikaribia, maboksi ya kutengenezea nyumbani chai ya boba, yaani chai baridi ya maziwa yenye punje za kutafuna, huvikwa makaratasi ya kumetameta na kutiwa punje nyekundu, punje za kijani na pakiti zenye ladha ya mdalasini. Ukilifungua boksi la kawaida la namna hii unakuta vitu vinne: punje kavu za wanga wa muhogo, unga wa chai ya maziwa, vifuko vya shira na mirija minene. Punje na mirija vinafaa kabisa. Shira inavumilika. Unga wa chai ndio unaoharibu kinywaji kizima, na cha kusikitisha ni kwamba kazi yake inafanywa vizuri zaidi na majani ya chai na maziwa ambayo huenda tayari unayo jikoni.

Tuanze na punje, maana boba ni punje. Kabla ya kulipia, geuza pakiti utafute muda wa kupika. Za haraka zimekwisha kupikwa nusu kiwandani, huiva kwa dakika 5 hadi 8. Za kawaida hutaka dakika 25 hadi 30 za kuchemka, halafu karibu muda uleule zitulie ndani ya sufuria iliyofunikwa, moto ukiwa umezimwa. Kwa wageni wengi, za haraka zinatosha. Kwa mwenye subira, za kawaida hutafunika vizuri zaidi, zikivutika bila kulegea. Tikisa pakiti pia. Ukiona unga mwingi na vipande vilivyovunjika chini, punje hizo zimezeeka au zimepata unyevu, na zitasambaratika zikifika kwenye maji.

Kwa gramu 100 za punje, tia lita 1 ya maji. Ukipunguza, wanga unaotoka kwenye punje huyafanya maji mazito kama uji, punje zinagandamana na kushika chini ya sufuria. Maji yachemke kwa nguvu kwanza, ndipo punje ziingie. Makosa mengi hutokea hapa: zikitiwa kwenye maji ya vuguvugu, ngozi ya nje haipati joto la kuushikisha wanga haraka, nazo humomonyoka na kubaki tope. Koroga taratibu mpaka zielee juu, punguza moto, funika. Kwa za haraka ni dakika 5 motoni na 5 za kutulia.

Usiamini saa peke yake. Toa punje moja, ikate katikati kwa kisu kikali. Kitone cheupe kikionekana kwenye kiini, haijaiva, na mlaji atakihisi kama chokaa kati ya meno. Iliyoiva ina rangi moja inayong'aa kutoka ukingoni hadi katikati. Zikifika hapo zichuje, zipitishe kwenye maji baridi kwa sekunde chache ili utelezi wa wanga uondoke, kisha zitumbukize kwenye shira ikiwa ya vuguvugu. Ziache dakika 20.

Shira ya vifuko mara nyingi ni utamu mtupu. Yako ipike hivi: gramu 100 za sukari ya kahawia, mililita 60 za maji, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki 3 zilizopondwa na karafuu 2. Moto mdogo, dakika 4 hivi, mpaka ibaki mgongoni mwa kijiko bila kutiririka. Karafuu zisizidi, zitameza ladha ya chai. Wala usizichemshe punje ndani ya shira nzito kwa muda mrefu: sukari nyingi huvuta maji kutoka ndani ya punje, na badala ya kulainika zinakuwa ngumu.

Punje za rangi zina sharti lake. Nyekundu na kijani zipikwe kwenye sufuria tofauti, kwa sababu rangi huchuja majini na zikichanganyika unapata rangi ya udongo. Shira yake iwe ya sukari nyeupe. Ukizitia kwenye ya kahawia, urembo wote ulioununulia boksi umepotea.

Sasa chai. Unga wa boksini huwa na sukari na krima ya unga kwa wingi, na chai yenyewe ni kidogo. Ukiongeza barafu, ladha inazama kabisa. Badala yake chukua gramu 8 za majani makavu ya chai nyeusi kwa mililita 250 za maji yanayochemka, dakika 5, uchuje bila kuyakamua majani. Ukiyakamua unatoa ukakasi. Chai hiyo itaonekana kali mno ikinywewa peke yake, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa maziwa na barafu vitaipunguza. Kwa glasi ya mililita 500: vijiko 3 vya chakula vya punje pamoja na shira yake, barafu hadi nusu ya glasi, mililita 200 za chai iliyopoa na mililita 100 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta. Kabla ya barafu, inamisha glasi na uizungushe ili shira ichore michirizi ukutani. Maziwa yatie mwisho.

Maboksi mengine huja na kopo la boba za kupasuka, zile zenye maji ya matunda ndani ya utando mwembamba. Hizo hazipikwi hata kidogo; joto huzilegeza na kuzivujisha. Hazifai kwenye maziwa pia, kwa kuwa uchachu wa matunda huyakata. Zitie kwenye rozela baridi, nyekundu yake inapendeza mezani, na rozela nayo usiichanganye na maziwa kwa sababu ileile.

Mirija tunaisifu bila kusita. Unene wa milimita 12 unapitisha punje iliyovimba. Wa kawaida huziba mara moja. Ya karatasi hulegea kinywaji kikicheleweshwa, hivyo ya chuma ndiyo yenye maisha, ilimradi kuwe na brashi ya kuisafishia. Watoto wadogo wasipewe boba kwa mrija, punje inaweza kuwakaba. Wapewe chai yenyewe tu.

Kwa karamu, chai na shira vinaweza kutengenezwa jana yake na kukaa kwenye friji. Punje haziwezi. Baridi huurudisha wanga kwenye ugumu, na kuzipasha moto huzilainisha kwa muda mfupi tu, nje zikiwa tepetepe na ndani zikiwa na kiini kigumu. Zipike saa moja kabla ya wageni, zikae kwenye shira nje ya friji, na zimalizike ndani ya saa 4. Pika kiasi kinachohitajika: gramu 30 hadi 40 za punje kavu kwa glasi, hivyo pakiti ya gramu 250 ni glasi 6 hadi 8, hata kama boksi limeandika zaidi. Kavu zilizobaki zifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, kabatini.