WhatsApp kwenye mkutano mkuu wa umoja wa wanafunzi: ipe matangazo, usiipe kura

Mkutano mkuu wa umoja wa wanafunzi wa kitaifa, uwe wa TAHLISO kwa Tanzania au wa umoja wa nchi jirani, siku hizi unaitishwa kwanza WhatsApp, barua yenye muhuri inafuata. Inaeleweka. Mjumbe wa Mbeya anayo, wa Mwanza anayo, wa Unguja anayo. Simu ya bei ndogo inaiendesha na bando la wiki linatosha. Hapa tunaipima kwa kazi hiyo tu: kukusanya wajumbe, kusambaza hoja, kuongoza kambi ukumbini na kutangaza matokeo. Kwa kufikisha taarifa, hakuna chombo cha bure kinachoizidi. Kwa kufanya uamuzi haifai kabisa, na umoja unaoibebesha kazi zote mbili unajitafutia mgogoro.

Tuanze na muundo, maana hapo ndipo sekretarieti nyingi hukosea. Grupu moja linabeba hadi watu 1,024, kwa hiyo katibu anaona afadhali aweke wote pamoja. Asubuhi anapandisha ajenda. Zinafuata "asante katibu", "tupo pamoja", stika, salamu za Ijumaa, tangazo la mtu anayeuza kompyuta, na mchana mjumbe anauliza ajenda iko wapi. Tumia Jumuiya badala yake, yaani sehemu ya WhatsApp inayounganisha magrupu kadhaa chini ya jina moja. Jumuiya inakuja na sehemu ya Matangazo ambako maadmini pekee ndio wanaoandika, na chini yake unatengeneza magrupu madogo: la hoja na katiba, la nauli na malazi, na moja kwa kila kanda. Faida kubwa zaidi haizungumzwi sana: kwenye Matangazo ya Jumuiya wajumbe wa kawaida hawaoni namba za wenzao, maadmini tu ndio wanaoziona. Kwenye grupu la kawaida kila aliyemo anavuna namba zote. Tanzania laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na majina halisi, kwa hiyo kwa mwanafunzi anayesimamia hoja nzito hilo si jambo dogo.

Kuwaingiza watu kuna mtego wake. Sekretarieti inanunua laini mpya, inafungua WhatsApp na kuanza kuadi (kuongeza kwenye grupu) watu mia mbili ndani ya saa moja. Namba inafungiwa, kwa sababu kwa mfumo huo ni mwenendo wa watu wa matangazo ya kero: laini changa, watu wengi, na wengi wao hawajahifadhi namba hiyo. Tumia laini iliyokwisha kutumika, tuma linki ya mwaliko kupitia kwa rais au katibu wa kila serikali ya wanafunzi, na uwashe idhini ya admini kwa kila anayeomba kuingia. Kabla ya kumkubali mtu, mlinganishe na orodha iliyotokana na barua za utambulisho kutoka vyuoni. Usajili ukifungwa, badilisha linki, la sivyo ile ya zamani itaendelea kuzunguka na utapokea watu usiowajua hadi siku ya uchaguzi. Kuna pia wajumbe ambao wameweka simu zao zisiadiwe ovyo. Hao wanapata mwaliko unaokufa baada ya saa 72, kwa hiyo wakumbushe mapema.

Wapo makatibu wanaoipenda orodha ya utangazaji, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, kila mmoja akiupata faraghani. Usiitegemee kuitisha mkutano. Asiyehifadhi namba yako haupati, na wewe huambiwi. Kama katiba yenu inadai taarifa ya mkutano imfikie kila mjumbe ndani ya siku kadhaa, mjumbe mmoja tu mwenye hasira anaweza kusimama na kusema hakuarifiwa, na atakuwa anasema kweli.

Sasa hoja. Picha ya ukurasa iliyopigwa kwa simu haifai: WhatsApp inaibana, maandishi yanafifia, na mtu hawezi kutafuta neno wala kunakili kifungu. Faili la Word nalo linavurugika kurasa kutoka simu moja hadi nyingine, na "ukurasa wa tatu aya ya pili" wa mmoja si wa mwingine. Tuma PDF yenye mistari iliyopewa namba pembeni, ya chini ya MB 1 ili isile bando. Jina la faili libebe kila kitu: Hoja07_Toleo2_12Machi. Neno "mpya" au "final" lisionekane kwenye jina la faili, kwa sababu zitakuwa "final" tatu kabla ya jioni, na ukumbini nusu ya wajumbe watajadili toleo la kwanza.

Marekebisho yaandikwe kwa umbo moja, na lisilofuata umbo hilo lirudishwe. Mfano: "Hoja 07, mstari wa 14: futa 'haraka iwezekanavyo', weka 'kabla ya wiki ya pili ya muhula kwisha'. Mtoa marekebisho, chuo chake. Anayeunga mkono, chuo chake." Kama hoja inahusu bumu (fedha za kujikimu za mkopo) kuchelewa, tofauti ya maneno hayo ndiyo hoja yenyewe: la kwanza Bodi ya Mikopo inaweza kulipokea na kunyamaza, la pili linapimika. Ndiyo maana ujumbe wa sauti wa dakika nne haupaswi kukubaliwa kama marekebisho. Hautafutiki kwa neno, hauna mstari, na katibu anayeunukuu atatuhumiwa kwamba ameupindisha.

Unaweza kubandika juu ujumbe usiozidi mitatu, kila mmoja kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Chagua siku 30, na iwe ratiba, kanuni za mkutano, na orodha ya hoja yenye matoleo ya sasa. Ukikosea tangazo, una dakika 15 za kulihariri, lakini aliyekwisha kulisoma haletewi mlio mwingine. Kwa saa ya kuanza au mahali pa kukutana, usihariri kimyakimya. Andika ujumbe mpya unaoanza na MASAHIHISHO. Na hakikisheni hakuna mtu aliyewasha ujumbe unaotoweka. Mipangilio yake ni saa 24, siku 7 au siku 90, na ikiwa kwenye saa 24, hoja iliyotumwa Jumatatu haipo Jumatano.

Tamko la umoja nalo lina shida zake. Ujumbe unasambazwa kwa soga zisizozidi tano kwa mara moja, na ukishapita mikono mingi unapata mishale miwili na kwenda soga moja moja. Zuio hilo ni jema, linapunguza uzushi, ila linamaanisha tamko halitafika magrupu ya vyuo vyote kwa nguvu ya kusambaza peke yake. Mpe kila mratibu wa chuo PDF yenye namba ya kumbukumbu, tarehe na saini, aipandishe mwenyewe kwa jina lake. Tamko la maandishi matupu ni rahisi mno kuongezewa sentensi moja njiani. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya ina yake ya 2018. Kwa zote mbili, taarifa ya uongo iliyopewa jina la umoja inaweza kuwafikisha viongozi wake pabaya.

Kwenye kura tusimame kidogo. Fungua kura ya maoni yoyote ya WhatsApp, gusa sehemu ya kutazama kura: chini ya kila jibu kuna jina la kila aliyelichagua na saa aliyolichagua. Grupu zima linaona. Mjumbe aliyeahidi kambi mbili, au ambaye uongozi wa chuo chake una mtu ndani ya grupu, anapiga kura ya woga au hapigi. Kura hiyo hubadilishwa muda wowote, kwa hiyo matokeo ya saa nne si ya saa sita. Haina akidi. Haimtofautishi mjumbe mwenye haki ya kura na mwangalizi. Mwenye laini mbili kwenye grupu ana kura mbili. Itumie kuuliza basi liondoke saa ngapi au wangapi wanakula nyama. Ina nafasi ya majibu 12, yanatosha. Viongozi na hoja viamuliwe ukumbini.

Kwa viongozi, karatasi bado ni bora: namba iwe kwenye kishina kinachobaki na msimamizi, isiwe kwenye karatasi inayoingia sandukuni; mjumbe asaini daftari kabla ya kupewa; sanduku lioneshwe tupu; kuhesabu kufanyike kwa sauti mbele ya mawakala wa wagombea wote. Hapo ndipo WhatsApp inaporudi na kufanya kazi yake nzuri. Fomu ya matokeo yenye saini za mawakala ipigwe picha na kupandishwa kwenye Matangazo papo hapo, kabla watu hawajatoka ukumbini. Uvumi unakosa mahali pa kuanzia.

Kambi zitakuwa na magrupu yao ya pembeni, na hakuna ubaya. Ushawishi ndio kazi ya mkutano. Mnadhimu wa kambi, yule anayewaelekeza wenzake namna ya kupiga kura, aandike kwa ufupi mjumbe asome bila kupoteza mjadala: "Hoja 07, marekebisho B: KATAA." Aandike kila kitu akijua kitapigwa skrinshoti. Usimbaji wa WhatsApp unaulinda ujumbe njiani, haumzuii mtu aliyeketi kiti cha tatu kuuonesha kwa jirani. Mtandao ukumbini utakuwa mzito watu mia kadhaa wakiwa kwenye mnara mmoja, kwa hiyo nyaraka zote zipakuliwe usiku wa kuamkia mkutano. Sekretarieti ibebe nakala chache zilizochapwa na soketi za kurefushia umeme.

Umiliki wa grupu ndio unaoamua mengi pale uongozi unapogawanyika. Muundaji wa grupu haondolewi na maadmini wengine. Anabaki hadi atoke mwenyewe. Na admini akiwa mmoja tu, akitoka, mfumo unachagua mwingine bila mpangilio, hata awe mwangalizi aliyeingia jana. Kwa hiyo magrupu yafunguliwe kwa laini ya ofisi ya umoja, si ya katibu binafsi, na maadmini wawe angalau watatu kutoka vyuo tofauti. Laini hiyo iwekewe PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili, vinginevyo anayefanikiwa kupata msimbo wa SMS anaichukua akaunti katikati ya kampeni. Kila jioni mtu akague vifaa vilivyounganishwa. Vinaruhusiwa vinne, na kompyuta ya stesheneri iliyoachwa wazi inaendelea kusoma kila kitu hata simu ikiwa imezimwa.

Orodha za Excel zenye namba za kidato cha nne, namba za simu na kiasi cha mkopo cha kila mtu zisipandishwe kwenye grupu lolote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ya 2019, na aliyetoa taarifa zake ili apangiwe kitanda hakuziruhusu ziende mbali zaidi.

Intaneti nayo hukatika. Uganda ilizimwa Januari 2021, Kenya ilivurugika tarehe 25 Juni 2024, Tanzania mitandao ilibanwa Oktoba 2020 na intaneti ikazimwa tarehe 29 Oktoba 2025. Siku kama hiyo WhatsApp haina msaada. Kila mratibu wa kanda awe na karatasi yenye namba za simu za waratibu wa vyuo, kila mratibu wa chuo awe na za maCR (wawakilishi wa madarasa) wake, na ujumbe ushuke kwa SMS au kupiga. Ujaribuni mnyororo huo mara moja kabla ya mkutano. Namba zilizobadilishwa hugundulika siku hiyo.

Telegram inampa mjumbe mpya nafasi ya kusoma yaliyopita na ina kura isiyoonesha majina. Signal inamruhusu mtu atumie jina badala ya namba. Kwa kamati ndogo inayoandaa jambo nyeti, Signal ni chaguo zuri zaidi. Kwa wajumbe wote, kuwahamisha watu kwenye programu wasiyoizoea siku chache kabla ya mkutano ni kuwapoteza baadhi yao.

Mkutano ukiisha, sekretarieti inayoondoka ipakue hoja zote zilizopita na fomu za matokeo, izikabidhi kwa maandishi pamoja na laini na PIN yake, ifunge magrupu ili maadmini pekee waandike, na iongeze mwaka kwenye jina la Jumuiya. Uongozi mpya ufungue yake.