Taa ya Samaki Mwenye Kigubiko: Nimeipenda kwa Kitu Kimoja

Karibuni tena wapendwa. Hii hapa ile taa ya umbo la samaki mliyokuwa mkiniulizia kwenye maoni. Nimeitoa Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi, kwa shilingi 1,800, baada ya kuvutana bei. Waya, chaja, dhamana, hayo mnayajua. Ngoja nizime taa za chumba muone.

Angalieni chini ya jicho. Huu mfuko unawaka samawati, sivyo? Sasa nasukuma hiki kidude taratibu... giza. Nashusha, mwanga. Napandisha, giza. Na balbu haijazimika! Chungulieni hapa pembeni, bado inawaka. Ni kigubiko tu kimepanda, kama shata ya duka inayofunga kutoka chini.

Jamani, samaki mwenyewe hufanya hivi hivi! Anaitwa Photoblepharon, yuko hata Bahari ya Shamu. Mwanga wake unatoka kwa bakteria anaowafuga chini ya jicho, na bakteria hao wanawaka tu, mchana na usiku. Akitaka giza, anawafunika. Binamu yake wa Pasifiki, Anomalops, yeye hukigeuza kiungo chote kikatazama ndani. Aliyebuni taa hii alisoma, na nimefurahi kweli.

Sasa ile nyingine imejaa madukani, ya samaki wa kilindi cha bahari mwenye fimbo kichwani. Sura kali, lakini ni washa, zima, basi. Tena kwenye boksi wameandika ni dume. Dume hana fimbo! Mwenye fimbo hiyo na chambo chake kinachowaka ni jike. Dume ni kadogo mno. Halafu wanataka 2,500? Mimi sitoi.

Hii yangu nayo inanikera hapa: kitufe cha kuwasha mwanga mwekundu. Maji humeza mwanga mwekundu upesi, ndiyo maana samaki wengi wa kilindini huwaka samawati, rangi inayofika mbali. Yuko samaki aitwaye Malacosteus, anayetoa mwekundu na mwenye macho ya kuuona, akamulika mawindo na yenyewe yasijue. Lakini huyo ni mwingine kabisa! Bora wangeweka kitufe cha kupunguza mwanga. Kuna samaki wa umbo la shoka, taa zake ziko tumboni, naye huongeza na kupunguza mwanga wake ulingane na mwanga unaotoka juu, adui aliye chini asione kivuli. Hicho ningeongezea hata mia tano.

Jumamosi saa mbili usiku tuko mubashara. Nitaifungua kwa bisibisi tuone kigubiko kimeshikiliwa na nini, maana springi ikiwa ya plastiki, bei yangu nayo inashuka.