Mgongo unauma: ni msuli au neva (mshipa wa fahamu)?

Msuli uliovutika huuma palepale kiunoni. Ukiinama kuokota kitu unashtuka, na mara nyingi hupoa ndani ya wiki chache. Neva iliyobanwa, kwa kawaida na diski (mto laini ulio kati ya pingili) iliyochomoza chini ya uti wa mgongo, haitulii mahali pamoja: maumivu hushuka takoni, pajani, hadi chini ya goti, mguu unakufa ganzi, na ukikohoa yanazidi. Hii ndiyo inayotisha watu, ingawa nayo wengi hupona bila upasuaji. Kushinda kitandani hakusaidii yoyote kati ya hizo mbili. Tembea kidogokidogo, mtaalamu wa fiziotherapia akupangie mazoezi. Ila ganzi ikifika sehemu za siri, au mkojo ukigoma kutoka, achana na mazoezi: hospitali, leo hii.