Kikengele cha kuogelea: miezi mitatu nacho bwawani Bugolobi, Kampala

Nilikinunua mwezi wa pili, na tangu hapo, ukiacha wiki mbili, nimekivaa asubuhi tatu kila wiki. Wenzangu wa baiskeli wameniuliza mara nyingi kama kinafaa, na kila nikianza kujibu chai inapoa kabla sijamaliza. Basi naliandika jibu lote hapa.

Kidude chenyewe ni kidogo kama kizibo cha soda, cha plastiki, unakichomeka chini ya kofia ya kuogelea karibu na sikio. Kazi yake ni kulia "pii" kila baada ya muda uliokipangia. Hakihesabu mita, hakiunganishwi na simu. Unaweza kukipanga kilie kila baada ya sekunde kadhaa, kwa mfano 38, ili kikwambie wakati wa kugusa ukuta. Au kilie haraka haraka, mlio mmoja kwa kila mkono unaoingia majini. Ndani kuna betri ya duara kama ya saa ya mkononi. Pale bwawani tumekipa jina la kikengele. Mimi nilikiagiza kwa kijana anayeleta mizigo kutoka Dubai, nikalipa shilingi 240,000 za Uganda mpaka mkononi. Si pesa ndogo, na nitalirudia hilo.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Kutwa niko kwenye simu na madereva wa malori ya Mombasa waliokwama mpakani Malaba, kwa hiyo saa zangu za mazoezi ni kuanzia saa kumi na mbili alfajiri mpaka saa moja na nusu, kisha ofisini. Kukimbia nimekimbia tangu shuleni. Baiskeli nimeizoea. Kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka 33, na kwenye triathloni kuogelea ndiko kunakoanza. Kwa masafa ninayoshindana mimi, ni mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli, kilomita 10 za miguu. Ukiharibu pale mwanzo, unaubeba uharibifu huo siku nzima.

Mwaka jana niliingia mashindano yangu ya kwanza, upande wa Entebbe. Honi ilipolia tuliingia ziwani kwa pamoja, nikafuata kasi ya waliokuwa mbele yangu. Mita mia za kwanza nilikuwa miongoni mwa wa mbele. Kufika boya la kwanza, kama mita 300 hivi, kifua kimebana, mikono mizito, miguu inazama. Nikaushika mtumbwi wa waokoaji. Kanuni zinakuruhusu kuushika mradi usikusogeze mbele. Nilikaa pale nikihema, huku wanawake wenye umri wa dada zangu wakubwa wakinipita, mkono baada ya mkono, bila haraka yoyote. Nilitoka majini kwa dakika 43, na kwenye baiskeli nilipanda kile kilima cha kwanza nikiwa sina miguu.

Nikajiambia nimekosa nguvu. Kwa miezi minne nikawa naogelea kuta 60 mfululizo, ukuta hadi ukuta bila kusimama, mwendo uleule wa kujikongoja. Nilichoka sana, na saa haikubadilika. Nalisema hili kwa sababu naona watu wengi pale bwawani wakifanya hivyohivyo, na inaniuma kuwaona wakimaliza mwaka bila faida.

Anayetufundisha ni mzee aliyetumikia jeshi miaka mingi, sote tunamwita Afande. Nilipomwonyesha kikengele alikigeuzageuza kwenye kiganja, akaniambia nisikivae bado. Kwanza niogelee mita 400 kwa uwezo wangu wote, nipumzike vizuri, kisha 200. Nilipata dakika 9 na sekunde 24, halafu dakika 4 na sekunde 20. Akachukua kalamu, akatoa moja kwa nyingine: dakika 5 na sekunde 4. Akagawa kwa mbili. Dakika 2 na sekunde 32.

"Binti, huu ndio mwendo wako wa kweli kwa mita mia moja. Huu unaweza kuushika muda mrefu. Kule ziwani ulianza na mwendo wa mtu mwingine."

Bwawa letu lina urefu wa mita 25, kwa hiyo sekunde 152 gawa kwa nne, sekunde 38 kila ukuta. Ndipo tukapanga kikengele.

Siku ile ya kwanza naikumbuka vizuri. Seti ilikuwa mita mia mara nane, mapumziko sekunde 20 kila baada ya mia. Ukuta wa kwanza nikaufika, nikasikiliza, kimya. Kikengele kililia nikiwa nimeshageuka, karibu sekunde tano nyuma yangu. Ukuta wa pili vilevile. Afande alikuwa amechuchumaa ukingoni na fimbo yake. "Subiri," akasema. "Isubiri pii ikukute." Sikuweza. Mwendo ule ulikuwa wa polepole mno, niliona kama napoteza muda. Mia ya tatu mlio na mkono wangu vikagusa ukuta pamoja. Mia ya tano ukanikuta mita mbili kabla ya ukuta. Mia ya saba nilikuwa bado chini ya kamba za bendera, mita tano kabla ya ukuta, na niliusikia kama mtu ananiita kwa jina. Ile mbio yangu ya Entebbe yote ilikuwa imerudiwa mbele yangu ndani ya nusu saa, ila safari hii niliona hasa ni wapi ilipoharibikia: kwenye mia mbili za kwanza, nilipokuwa najisikia vizuri kabisa.

Afande ana mfano anaoupenda. Agosti 2020 kule Monaco, Joshua Cheptegei alipovunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, pembeni mwa njia kulikuwa na taa zilizowaka zikikimbia kwa mwendo uliopangwa, kama sekunde 60 kwa mzunguko. Kazi yake ilikuwa kutoziacha na kutozikimbia. "Yeye alikuwa na taa," Afande husema, "wewe una sikio." Sisi Waganda tunajivunia miguu ya Cheptegei, na ni haki yetu, lakini ule utulivu wa kukataa kukimbia haraka kuliko taa nao ni kipaji, na huo unafundishika.

Wiki ya tatu niliacha kuwahi. Wiki ya tano nilimaliza mia zote nane, mlio na mkono vikigusa ukuta pamoja, mapumziko yakiwa sekunde 15. Hapo ndipo nilipoona thamani ya zile shilingi 240,000, maana saa ya ukutani huwezi kuitazama uso ukiwa ndani ya maji, na saa ya mkononi inakwambia umechelewa baada ya kuchelewa.

Lakini kikengele hakikwambii kwa nini umechelewa, na hapa naomba msomaji anisikilize. Ungenipa kile kidude bila Afande, ningeufukuza mlio kwa kupiga maji kwa nguvu zaidi, na ningeumia bega. Alinirekodi kwa simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji, akiitumbukiza mbele yangu nikija. Kwenye picha nikaona nisichowahi kukihisi: kila ninapovuta pumzi upande wa kulia, mkono wa kushoto unavuka mbele ya uso mpaka upande wa pili, na kiuno kinayumba kuufuata. Nilikuwa naogelea kama nyoka. "Mkono uingie mbele ya bega, si mbele ya pua," akasema. Tena kichwa nilikiinua kutazama mbele, na kichwa kikipanda miguu inashuka. Nikafundishwa kutazama sakafu, kutoa pumzi yote ndani ya maji badala ya kuibana, na kuacha kiwiko kikae juu wakati kiganja na mkono wa chini vinayashika maji na kuyasukuma nyuma. Mikono 29 kwa kila ukuta ikashuka mpaka 23. Kwa wiki mbili nzima kikengele kilikaa kwenye begi.

Ule mlio wa kila mkono nao nilitaka kuujaribu mapema. Nikaupanga sekunde 1.10. Mikono ikawa mingi na maji yakateleza chini ya viganja. Nilichoka bila kusogea. Afande akaurudisha mpaka 1.30, kisha tukapunguza kidogo kidogo wiki kwa wiki. Sasa niko 1.22 na ninayashika maji vizuri. Kwa anayeanza, ningesema aiache sehemu hii kabisa mpaka mkono unyooke.

Kasoro zipo. Kikengele changu cha kwanza kiliingia maji wiki ya sita, kikanyamaza katikati ya seti. Aliyeniuzia alikataa kukibadilisha, akasema nilikifunga vibaya. Sikukifunga vibaya, ule mpira mwembamba wa kuzuia maji ulikuwa umepinda tangu kiwandani, na picha ninazo. Nilinunua cha pili kwa pesa yangu. Ukikipokea, kifungue kabla ya kulipa, uuangalie huo mpira kwa vidole. Pia mlio wake ni wa chini ukiwa na watu wengi wanaopiga miguu karibu, na kuna siku mwenzangu wa njia ya pili alikuwa na chake cha sekunde 30, tukachanganyana.

Ziwani sikivai. Kule hakuna ukuta, na waandaaji wa mashindano niliyoingia walitaka tukiache nchi kavu. Ziwani unajifunza mengine: kuinua macho kulitazama boya kama kiboko anavyofanya, macho na pua tu, kisha kurudisha uso majini. Na kuna kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu, zaidi jua likiwa kali. Sisi huingia kwa mashua mpaka penye kina, tunajifuta mara tu tukitoka, na wiki kadhaa baadaye naenda kwa daktari kwa ajili ya prazikwanteli, dawa ya kichocho. Haifai kuimeza jioni ileile ukadhani umemaliza, kwa kuwa dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki.

Mwezi wa tano tulirudia kipimo. Mita 400 kwa dakika 8 na sekunde 44, 200 kwa dakika 4 na sekunde 4. Hesabu ikatoa dakika 2 na sekunde 20 kwa mia, yaani sekunde 35 kila ukuta. Wiki mbili baadaye nikarudi Entebbe. Honi ikalia, watu wakaondoka, nami nikawaacha waende. Nilikuwa nahesabu mikono, nikiusikia ule mlio kichwani ingawa kidude chenyewe kilikuwa kwenye begi ufukweni. Kwenye boya la kwanza nilimpita mtu, kisha wawili, kisha mvulana mmoja aliyekuwa amekumbatia mtumbwi. Nilitoka majini kwa dakika 37 na sekunde 10, nikakimbia mpaka kwenye baiskeli. Afande alikuwa amesimama pale na taulo langu, ananionyesha vidole vitatu na vinne.

Jumatatu tukakipanga 34. Mpaka leo kinanikuta njiani kwenye ukuta wa kumi na mbili.