Mvinyo wa Italia: chupa ya kuanza nayo na chupa ya kusubiri

Mjomba wangu alinipigia simu siku chache kabla ya kupokea wakwe nyumbani kwake. Alikuwa amesimama mbele ya rafu dukani, chupa mbili mkononi, zote za Italia. Moja imeandikwa Montepulciano d'Abruzzo, nyingine Vino Nobile di Montepulciano, na ya pili bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya mwenzake. "Hebu niambie, hizi si kitu kimoja? Mbona hii wameipandisha hivi?"

Si kitu kimoja hata kidogo. Kwenye chupa ya kwanza, Montepulciano ni aina ya zabibu, na mvinyo wenyewe unatoka mkoa wa Abruzzo, upande wa bahari ya Adriatiki. Kwenye ya pili, Montepulciano ni mji wa kilimani huko Toscana, na zabibu yake kuu ni Sangiovese, ambayo wenyeji wa mji huo huiita Prugnolo Gentile. Majina yamefanana, undugu hakuna. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kwa hiyo kabla hujatazama bei, jiulize: neno kubwa kwenye lebo ni zabibu au ni mahali? Barbera, Primitivo, Nero d'Avola na Fiano ni zabibu. Barolo, Chianti, Soave, Taurasi na Etna ni mahali, na kanuni za mahali hapo ndizo zinazoamua zabibu zipi ziingie kwenye chupa.

Jambo jingine ni msimamo wangu, na orodha yote hapa chini imepangwa kwa kuufuata. Ukiwa na kiasi chako mfukoni, chukua chupa nzuri yenye jina dogo, uiache chupa dhaifu yenye jina kubwa. Barolo inayouzwa kwa bei ya kutupa, sehemu kubwa ya pesa yako imeishia kwenye jina. Pesa hiyohiyo, ukiipeleka kwa mvinyo usio na sifa nyingi, inakupa kazi ya mtu aliyejituma shambani.

Zile herufi za kwenye chupa

Italia ilianza kupanga mvinyo wake kwa madaraja kwa amri ya mwaka 1963, na DOC ya kwanza (daraja la mvinyo wa mahali maalumu wenye kanuni zake), Vernaccia di San Gimignano, ikapatikana mwaka 1966. Juu yake kuna DOCG, yenye kanuni kali zaidi, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1980 kwa majina kama Barolo, Brunello di Montalcino na Vino Nobile. Chini ya DOC kuna IGT, yenye kanuni legevu zaidi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1992. Leo DOCG zimepita 70 na DOC zimepita 300, kwa hiyo usijisumbue kuzikariri.

Chupa ya DOCG ina kikaratasi chenye namba kilichobandikwa shingoni kupita juu ya kizibo, na huchapishwa na kiwanda cha serikali ya Italia, kilekile kinachotengeneza sarafu. Huwezi kufungua chupa bila kukichana. Ukikikuta kimeshachanika dukani, irudishe rafuni. Waitaliano wana sababu ya kuwa wakali kwenye mambo haya: mwaka 1986 mvinyo wa bei rahisi uliotiwa methanoli uliua watu zaidi ya 20 nchini mwao.

Lakini zielewe herufi hizo zinavyosema. Zinakuambia zabibu zimetoka wapi, ni aina gani, zilivunwa kiasi gani kwa hekta, mvinyo ulikaa muda gani kabla ya kuuzwa. Haziwezi kukuambia kama aliyeutengeneza ni hodari. Sassicaia, mvinyo wa pwani ya Toscana ambao mavuno yake ya kwanza kuuzwa ni ya mwaka 1968, uliuzwa kwa miaka mingi kama mvinyo wa kawaida wa mezani kwa sababu zabibu zake, Cabernet, hazikuwa kwenye kanuni za mahali hapo. Ulikuwa miongoni mwa mivinyo ghali kabisa nchini humo, na lebo iliutaja kana kwamba ni wa kushushia makaroni. Tignanello, wa Toscana pia, mpaka leo ni IGT. Daraja la chini kwenye chupa ghali si kosa la uchapaji.

Maneno matatu zaidi yanafaa kuyajua. Classico maana yake zabibu zimetoka eneo la asili, kabla mipaka haijatanuliwa. Riserva maana yake mvinyo umekaa muda mrefu zaidi kabla ya kuuzwa. Superiore mara nyingi huashiria kilevi kimezidi kidogo. La kwanza ndilo lenye thamani kuliko yote kwa mnunuzi wa kawaida.

Namba 1: Montepulciano d'Abruzzo

Ndiyo niliyomwambia mjomba achukue. Ni mwekundu wa kiza, una uchachu wa kutosha kukata mafuta ya nyama, na ukakasi wake ni wa wastani, hausugui ulimi kama ndizi mbichi. Kwa mbuzi wa kuchoma, maharage yaliyoungwa vizuri, au nyanya kwa namna yoyote ile, sijaona wa kuushinda kwa bei yake. Na ubora wake hauporomoki ghafla: hata chupa za bei ya chini mara nyingi hunyweka, na ukiongeza kidogo tu unapata mvinyo wa kumkaribisha mtu. Sharti la msingi ni zabibu ya Montepulciano isipungue asilimia 85.

Namba 2: Chianti Classico, yenye jogoo

Tofautisha Chianti na Chianti Classico, kwa sababu ni maeneo mawili yenye kanuni mbili. Chianti tu imetapakaa sehemu kubwa ya Toscana. Chianti Classico ni vilima vilivyo kati ya Firenze na Siena, sehemu ambayo Cosimo III de' Medici aliiwekea mipaka mwaka 1716. Alama yake ni jogoo mweusi.

Wenyeji wana hadithi yake. Firenze na Siena, miji iliyokuwa ikigombana kila mara, iliamua mpaka uwekwe pale wapanda farasi wawili watakapokutana, kila mmoja akianza safari kutoka mji wake jogoo atakapowika. Siena walimlisha jogoo wao mweupe akashiba. Firenze walimfungia jogoo mweusi akashinda na njaa, na siku ya siku akawika usiku bado mkubwa. Mpanda farasi wa Firenze akaanza safari mapema, akafika karibu na Siena yenyewe. Ni hadithi tu, ila ukishaisikia hutasahau jogoo yuko kwenye chupa ipi.

Kwa Chianti Classico, Sangiovese lazima ifike asilimia 80, na zabibu nyeupe, ambazo zamani zilichanganywa humo, hazikubaliki tena tangu mavuno ya 2006. Unapomimina, rangi ni ya kung'aa, inapitisha mwanga. Harufu ni cheri na majani makavu, na mdomoni uchachu unatangulia. Watu wengine uchachu huo huwakatisha tamaa wakinywa bila kula. Usinywe bila kula. Weka nyama au kitu chenye nyanya mbele yako, halafu onja tena.

Riserva hukaa angalau miezi 24, na Gran Selezione, daraja lililo juu yake, miezi 30. Nianze wapi? Ile ya kawaida ya mtengenezaji mzuri. Naipenda kuliko Riserva ya mtengenezaji wa kubahatisha, na bei yake ni ndogo.

Namba 3: Verdicchio na Soave Classico, kwa samaki

Hapa ndipo Italia inauza mvinyo mweupe mzuri kwa bei isiyoumiza. Verdicchio dei Castelli di Jesi unatoka mkoa wa Marche. Una uchachu kama ndimu, na ukimeza unabaki uchungu mdogo sana wa lozi. Kwa samaki wa kukaanga au ngisi, chupa hii inafanya kazi ya ndimu mezani. Soave, karibu na Verona, ni mpole zaidi, na zabibu yake kuu ni Garganega. Tafuta iliyoandikwa Classico, ile ya vilimani. Ukipika samaki wa nazi, chukua Soave, kwa kuwa tui halipendi uchachu mkali.

Namba 4: wadogo wa wakubwa

Barolo inatengenezwa kwa Nebbiolo tupu. Brunello inatengenezwa kwa Sangiovese tupu. Kila mmoja ana mdogo wake: Langhe Nebbiolo kwa Barolo, Rosso di Montalcino kwa Brunello. Zabibu ni zilezile, mara nyingi mikono ni ileile, wakati mwingine hata shamba ni lilelile, ila mvinyo unauzwa mapema. Rosso unaweza kutoka Septemba ya mwaka unaofuata mavuno, wakati Brunello husubiri mpaka Januari ya mwaka wa tano.

Mimina Langhe Nebbiolo uiangalie. Rangi imepauka hata unadhani wameongeza maji, ukingoni inaelekea rangi ya tofali. Unanusa waridi, na nyuma yake kitu kama lami iliyopigwa jua. Kisha unakunywa, na ukakasi unakubana ufizi kwa nguvu ambayo rangi ile haikukuonya. Hakuna zabibu nyingine niijuayo inayofanya hivyo. Kama unataka kuijua Nebbiolo kabla ya kulipa pesa ya Barolo, huu ndio mlango.

Ukikutana na Etna Rosso, wa zabibu ya Nerello Mascalese kutoka miteremko ya volkano huko Sisilia, uchukue kwa moyo mmoja. Ni wa familia hii kwa tabia, ingawa si kwa damu.

Namba 5: Prosecco

Kosa la kawaida liko kwenye neno moja. Brut ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. Extra Dry ina kati ya 12 na 17. Dry ina 17 hadi 32. Yaani ile iliyoandikwa kwamba ni kavu ndiyo tamu kuliko zote tatu. Anayetaka mkavu achukue Brut. Kwa biriani lenye pilipili, Extra Dry inafaa zaidi, maana utamu kidogo hutuliza moto.

Zabibu inaitwa Glera. Jina la Prosecco lilibakishwa kwa eneo tu mwaka 2009. Povu linatengenezwa kwenye tangi kubwa lililofungwa, si ndani ya chupa kama Champagne, na hiyo ndiyo sababu ya bei yake na ya harufu yake changa ya tofaa na pea. Basi usiitunze. Ukiwa na nyongeza kidogo, tafuta Conegliano Valdobbiadene, DOCG ya vilima ambavyo UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2019.

Namba 6: Moscato d'Asti

Kwa aliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma na hataki kusikia habari za ukakasi, hii ndiyo chupa yake. Kilevi ni kama asilimia 5 tu, povu ni dogo, harufu ni ya maua na zabibu mbichi. Nenda nayo kwenye matunda au keki.

Namba 7: Primitivo na Nero d'Avola

Ni minene, ina joto la kusini, na inapendwa haraka. Primitivo wa Puglia ndiyo zabibu ileile Wamarekani wanayoiita Zinfandel, jambo lililothibitishwa kwa vipimo vya vinasaba. Nimeiweka chini kwa sababu chupa nyingi za bei rahisi zina utamu wa jemu unaochosha baada ya glasi moja.

Za kusubiri, na za kuacha

Barolo (miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake kwenye mbao), Brunello na Amarone ni mivinyo mikubwa kweli. Amarone hutengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa ndani kwa wiki nyingi hadi zikasinyaa, na kilevi chake hakishuki chini ya asilimia 14. Nunua siku ambayo una pesa ya kuchukua iliyo nzuri, na watu wa kukaa nayo mezani jioni nzima.

Pinot Grigio, mvinyo mweupe, ile ya bei ya chini iache. Si mbaya, ila haina la kusema, na Verdicchio iko jirani yake rafuni. Chianti ya chupa ya kikapu cha nyasi nayo mara nyingi unalipia kikapu.

Joto

Kwa tunaonunua kwenye miji ya pwani, haya yanashinda yote niliyoandika juu. Niliwahi kununua Soave kwenye duka moja lililopanga chupa zake dirishani, jua la mchana likizipiga. Nyumbani nikaona kizibo kimesukumwa juu, kimevimba chini ya kifuniko cha bati, na mstari wa mvinyo uliovuja umekauka shingoni. Mvinyo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na ladha ya tofaa lililooza. Pesa ilikwenda.

Kwa hiyo pitisha kidole juu ya kifuniko kabla ya kulipa, na kama kizibo kimeinuka, acha. Mweupe na Prosecco, soma mwaka na uchukue wa karibuni. Chukua chupa ya nyuma ya rafu, penye giza, si ile inayoangaliana na taa. Na mwekundu uuweke kwenye friji dakika 20 au 30 kabla ya kuufungua, kwa sababu joto la chumba wanalolisema Waitaliano ni la nyumba ya mawe kule Piemonte, kaskazini mwa Italia, si la sebule ya Dar es Salaam mwezi wa pili.