Gari kuukuu: spea zipi ubadilishe kwanza, na zipi zisubiri

Mtu akishalipia gari, pesa zinazobaki huwa chache, na mara nyingi huishia kwenye kile kinachogonga au kinachoonekana: shokapu, taa zilizofifia, viti, rimu. Hapo ndipo wengi hukosea. Mafuta ya breki yaliyozeeka hayapigi kelele. Mpira wa maji ulioanza kulainika hautoi dalili hadi siku unapopasuka. Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, hukatika bila kuaga, na hukatika ukiwa njiani kati ya Lugazi na Jinja, si ukiwa garaji.

Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza magari madogo yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe, lakini yaliyokwisha kuingia kabla ya hapo bado yanauzwa kila siku. Toyota kama Raum, Ipsum, Noah, Carina, Premio za kwanza: gari la namna hii lina spea nyingi za umri wake, na huwezi kubadilisha zote kwa mkupuo. Tunapanga hivi: kwanza kinachosimamisha gari, pili kinachopoza injini na mkanda wake, tatu kinachoshika barabara. Vingine vina zamu yao.

Kabla ya kununua chochote

Ukienda Kisekka, soko la spea la Kampala, kuuliza spea moja, unaweza kuwekewa mezani vitu vinne vyenye jina lilelile: jenyuini (halisi) ya Toyota, mpya ya kampuni inayoaminika kama Aisin, Denso, KYB au NGK, iliyotumika kutoka Japani, na nakala ya bei rahisi ndani ya boksi linalofanana na la jenyuini. Tofauti ya bei ni kubwa, na muuzaji atakwambia zote ni sawa. Si sawa.

Kanuni yetu ni hii: kitu cha mpira, kitu kinacholika au kitu cha kuzuia mvujo usinunue kilichotumika, hata kama kinang'aa. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Bushi (mpira wa kiungio chini ya gari) iliyovuliwa kwenye gari la Japani la mwaka uleule na lako ina umri sawa na yako. Lakini alteneta, stata, mlango, kioo cha pembeni, taa, hata giaboksi: hapo iliyotumika kutoka Japani tunaiweka juu ya nakala mpya ya bei rahisi, tena mbali.

Nenda na namba ya chesisi, siyo jina la gari tu. "Premio" peke yake haitoshi, kwa sababu chesisi ya NZT240 ina injini ya lita 1.5 na ya ZZT240 ina ya lita 1.8. Kwenye boksi la jenyuini ya Toyota tazama namba ya spea: pedi za mbele huanza na 04465, viatu vya breki za nyuma 04495, oili filta nyingi 90915, themostati (vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta) 90916. Boksi lenye nembo bila namba, au lenye namba isiyolingana na kilichomo, lirudishe.

Nafasi ya kwanza: breki na tairi

Anza na mafuta ya breki, kwa sababu ndiyo ya bei rahisi na ndiyo yanayosahaulika. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji ya kutosha kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Ukiwa unashuka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale na mguu haujatoka kwenye breki, diski hufika joto hilo, mafuta huwa mvuke, na pedali huzama hadi chini bila gari kupungua. Badilisha yote kila miaka miwili. Lita moja inatosha gari dogo. Fundi aanze kutoa hewa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ambalo kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, na chupa isiachwe ikauke katikati ya kazi.

Pedi zikibaki milimita 3, nunua. Hapa usishuke chini ya kampuni inayoaminika: pedi za bei ya chini huwa ngumu kama jiwe, hupiga mluzi na kula diski. Diski yenyewe ina maandishi "MIN TH" na namba ya milimita yaliyogongwa kwenye chuma. Pima unene wake kwa kalipa ya kupimia. Ikiwa juu ya namba hiyo, inaweza kuchongwa; ikiwa chini, itupe, maana diski nyembamba hupinda kwa joto na usukani hutetemeka ukikanyaga breki. Kunja kwa vidole mipira ya breki iliyo karibu na magurudumu. Ukiona nyufa, badilisha siku hiyohiyo.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno marefu na umri wa miaka tisa ni baya kuliko jipya la kampuni isiyojulikana, kwa sababu mpira umekauka na haushiki lami yenye maji. Ukiweza kununua mawili tu, yafunge nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye mvua, dereva wa kawaida hawezi kuirudisha.

Nafasi ya pili: maji, themostati na mkanda

Tunasisitiza sehemu hii kuliko zote kwa sababu ndiyo inayoua injini nyingi, na kwa sababu kuna desturi moja mbaya ambayo imeshaota mizizi. Gari likichemka kwenye jamu, fundi hung'oa themostati, humimina maji ya bomba, na mwenye gari huondoka akishukuru. Tatizo halijaondoka, limefichwa. Bila themostati injini hukimbia ikiwa baridi, sensa huiambia kompyuta iongeze petroli, na ulaji wa mafuta hupanda. Kwenye injini zenye njia ya pembeni ya maji, themostati ndiyo huifunga njia hiyo injini ikipata moto. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na kwenye mlima gari huchemka zaidi kuliko mwanzo. Maji ya bomba nayo huleta kutu, na kutu huziba mirija ya rejeta.

Themostati unaweza kuipima mwenyewe. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yenye kipimajoto, isiguse chini. Toyota nyingi zina ya nyuzi 82: ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Ikichelewa, nunua jenyuini. Si spea ya gharama, na nakala zake hukwama. Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye kijipini kinachochezacheza kikae upande wa juu, maana hapo ndipo hewa hupita kutoka nje.

Pamoja nayo badilisha mipira miwili mikubwa ya rejeta na kifuniko chake (presha yake ni 0.9 au 1.1, fuata kilichokuja na gari, kikubwa zaidi hupasua rejeta ya zamani). Bonyeza mpira injini ikiwa baridi: ukiwa laini kama mkate, au ukitoa mlio wa kuvunjika, umekwisha. Rejeta ikivuja kwenye tangi la plastiki, usikubali gundi. Nunua mpya, na jaza kolanti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi.

Mkanda wa taimingi, swali la kwanza ni kama gari lako linao. Injini za 1NZ-FE na 1ZZ-FE zina cheni, kwa hiyo fundi anayekuuzia mkanda wa taimingi wa Raum ya 1NZ anakuibia. 5A-FE ya Corolla na Carina, na 3S-FE ya Ipsum na Noah, zina mkanda, na mkanda hubadilishwa kwa kilomita 100,000. Ukikatika kwenye injini hizi mbili gari husimama tu, vali hazigongani na pistoni. Kwenye dizeli za Hiace kama 2L, 3L na 5L mambo ni mengine kabisa: mkanda ukikatika vali hupinda na hedi hufunguliwa. Ndiyo maana dizeli hizo zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo mara nyingi huzimwa bila mkanda kuguswa, kwa hiyo kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Nunua mkanda pamoja na tenshena (kikazio chake) na sili za mbele. Kwa 3S-FE ongeza wota pampu, kwa sababu huzungushwa na mkanda huohuo, na ikianza kuvuja baada ya miezi sita utalipa ufundi mara mbili.

Nafasi ya tatu: chini ya gari

Barabara ya marram humaliza bushi na jointi kabla ya shokapu, lakini shokapu ndizo hulaumiwa. Inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise: likicheza, tazama beringi au boli jointi. Lishike kushoto na kulia: hapo ni tairodi au rack end, yaani viungo vya usukani. Boli jointi na tairodi zikicheza hazisubiri mwisho wa mwezi. Stablaiza linki hugonga sana na ni rahisi, na haziwezi kukutupa mtaroni.

Bushi mpya za armu zikiharibika ndani ya miezi mitatu, mara nyingi kosa si la spea. Fundi alikaza bolti gari likiwa juu ya jeki. Bolti za bushi hukazwa mwisho gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake, la sivyo mpira hukaa umejipinda na huchanika. Simama hapo umwone akikaza. Shokapu nunua mbili za ekseli moja, pamoja na vifuniko vya vumbi. Na kama gari limeinuliwa kwa spesa, zitoe kabla ya kununua jointi za ekseli, kwa sababu pembe hiyo ndiyo inayozila.

Vingine

Oili na filta kila kilomita 5,000. 1NZ na 1ZZ zinachukua lita 3.7. Giaboksi: usiruhusu mtu aweke ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki) ya kawaida kwenye CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, kama ile ya Premio za 1.8 za kuanzia 2007. Ina mafuta yake. Filta ya hewa ifunguliwe kila mwezi ukiishi kwenye vumbi.

1ZZ-FE za zamani hula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na huziba. Jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, pima tena. Ikipungua zaidi ya lita moja, usitupe pesa kwenye dawa za kuongeza. Kama silinda ni nzima, weka pistoni za toleo la baadaye na ringi mpya. Kama zimechimbika, tafuta injini iliyotumika, na kabla hujalipa ipimwe kompresheni mbele yako, silinda zote nne zikaribiane.

Kwa kila kazi, mwambie fundi mapema kwamba spea za zamani utaondoka nazo. Ziwekwe ndani ya boksi la zile mpya, na namba uzilinganishe hapohapo kabla ya kulipa.