Kabla hujanunua pedali nyingine ya gitaa, soma kwanza mpangilio wangu

Nina pedali tano, vile viboksi vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, chini ya kitanda na nne kati yake ni ovadraivu, zile za kukwaruza sauti kidogo, halafu juzi saa saba usiku nimejikuta naangalia jamaa anasifia nyingine ya kijani, mkono ushafika kwenye namba ya siri ya M-Pesa. Wapiga gitaa mnanielewa. Sa kwa wale ambao hela inawawasha kama mimi, nimepanga vitu kwa jinsi vinavyofaa, ila mjue naongea kama mtu anayepiga kanisani na kwenye maharusi hapa Dar, ambako mara nyingi amplifaya ya gitaa hakuna, unachomeka kwenye miksa basi.

Ndo maana namba moja kwangu ni multi-efekti, yaani pedali moja yenye efekti nyingi ndani, inayoiga spika ya gitaa, mfano Zoom G1 Four au Boss GT-1. Distoshen, pedali ya kukwaruza sauti sana, imetengenezwa ikijua mbele kuna spika ya gitaa, na ile spika inameza zile sauti kali za juu kabisa, sasa ukiichomeka kwenye miksa hakuna wa kuzimeza, spika za ukumbini zinatoa kila kitu na unasikika kama nyuki kwenye kopo. Mi nilihangaika miaka miwili nabadilisha distoshen nikidhani mbovu, kumbe tatizo liko mbele yake. Hizo mbili zinakula betri 4 za AA pia, hugombanii soketi na mpiga kinanda.

Namba mbili tyuna, kifaa cha kukuonyesha kama nyuzi zimekaa kwenye sauti yake. Najua haina raha kununua tyuna, hakuna anayepost tyuna yake. Lakini Boss TU-3 ukiikanyaga inakata sauti, unarekebisha nyuzi zako mchungaji akiomba na hakuna anayekusikia. Ukikosa hela, ile ya kubana kwenye kichwa cha gitaa inatosha.

Namba tatu umeme. Pedali nyingi ni volti 9, hasi katikati ya plagi ya adapta, ukigeuza unaweza kuiua. Na jamani, ukiletewa mzigo kutoka Marekani soma adapta kwanza, kama imeandikwa 120V peke yake usithubutu, kwetu ni 230. Yangu moja ilitoa moshi katikati ya mazoezi, kwaya nzima wakageuka. Tafuta iliyoandikwa 100-240V.

Namba nne delei, ile inayorudia sauti kama mwangwi. Boss DD-3 inafika milisekunde 800, inatosha kabisa. Wengi wanazungusha vitufe kwa kubahatisha wakati hesabu ni rahisi, chukua 60,000 gawanya kwa tempo (mapigo kwa dakika): wimbo wa 120 unapata milisekunde 500, nusu yake 250. Weka hiyo 250 kwa sauti ya chini kwenye sebene, gitaa moja linanenepa ghafla, hasa kama bendi yenu haina mtu wa pili wa gitaa. Ukizidisha inakuwa uji.

Koras, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi, ni tamu kwenye rumba na zouk ila kwenye multi-efekti ipo tayari, pita.

Mwisho kabisa, mkiani, ovadraivu nyingine. Ibanez walitoa TS808 mwishoni mwa miaka ya 70, TS9 ikaja 1982, na ndani tofauti kubwa ni rezista 2 za kutolea sauti. Behringer TO800 nayo inafuata njia ileile kwenye boksi la plastiki. Nilikuwa nazo zote tatu, nikamwambia mdogo wangu azibadilishe nikiwa nimempa mgongo, nikakosea zote, dogo akacheka mpaka akakaa chini. Kama huna hata moja na una amplifaya ya kweli hapo sawa, tafuta Boss DS-1 ya mtumba, distoshen ile ya rangi ya chungwa iliyoanza 1978, zipo nyingi na ni ngumu kufa. Fungua sehemu ya betri uone kutu, zungusha vitufe usikilize kama vinakwaruza, na ujaribu kwa gitaa lako mwenyewe, sio la muuzaji, la kwake lazima lilie vizuri.

Mi wiki hii nauza mbili. Ile ya kijani bado iko kwenye kikapu lakini, sijaifuta.